Ombi la Mtu Asiyeomba

Katika nchi yetu mtu anaweza kukosa shamba, akakosa kazi, akakosa hata nauli ya kumtoa Holili kumfikisha Himo, na bado akahesabiwa kuwa mtu kamili. Lakini kukosa dini hakusameheki kirahisi. Ukienda kituo cha polisi kuandikisha maelezo, pamoja na jina, umri na kabila utaulizwa dini. Ukimpeleka mtoto shule utaulizwa. Ukilazwa hospitali utaulizwa, na hapo angalau naielewa sababu: wanataka kujua wamwite nani ukizidiwa. Mimi hujibu, "Sina." Karani huinua kichwa, hunitazama, kisha huuliza kwa upole, "Sasa mzee, niandike nini?" Wapo walioandika "Mpagani". Mmoja aliandika "Mkristo", akaniambia nisijali, hiyo ni fomu tu.

Ajabu ni kwamba dola yenyewe haina dini. Katiba yetu inasema hivyo katika ibara ya 3, na katika ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha. Sensa ya mwisho kuuliza watu dini zao ilikuwa ile ya mwaka 1967. Tangu hapo tumehesabiwa mara nyingi na swali hilo halikurudi. Kwa hiyo serikali inapotuhesabu sote haitaki kujua dini zetu, lakini inapotukamata mmoja mmoja inataka.

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa makuu. Kwa miaka mingi nilikuwa wakala wa forodha hapa Holili, nikijaza hati za mahindi, vitunguu, saruji na mitumba, kabla sijastaafu na kurudi kwenye migomba yangu michache. Mke wangu ni Mkatoliki asiyekosa misa, na hatujapata kugombana kwa sababu ya dini. Tumegombana kwa sababu ya mbuzi na kwa sababu ya wakwe, kama watu wengine. Neno la Kiswahili linalotumika kwa mtu wa namna yangu ni mkana Mungu. Silipendi. Kukana ni kumkataa yule unayemjua, kama Petro alivyofanya kabla jogoo hajawika. Mimi nilisikiliza, nikapima, nikaona sishawishiki. Niite asiyeamini, yatosha.

Siandiki haya ili kumtoa mtu katika imani yake. Naandika kwa sababu nimechoshwa na mabishano ya pande mbili, mmoja ukitaka dini itawale baraza la umma na mwingine ukitaka ifukuzwe barazani kabisa. Nina neno moja la kusema: dini isitoke barazani. Ibaki, ila ibaki kama shahidi, si kama pambo la wakubwa wala fimbo ya kuwachapia wadogo.

Nianze na watu wa upande wangu. Wapo vijana wasioamini, wa Dar es Salaam na Nairobi, wanaosema kwamba dini ni jambo la chumbani na ifungiwe humo. Hasira yao naielewa. Hapo ng'ambo tu ya mpaka wetu, chama cha wasioamini wa Kenya kiliandikishwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu akakisimamisha, kabla hakijaruhusiwa tena kuendelea na shughuli zake. Haki yao ni haki yangu pia. Lakini dawa ya kunyimwa nafasi barazani si kudai kwamba wengine nao wanyimwe.

Tena ni nani katika mlima huu atakayesema dini ibaki chumbani bila kujicheka mwenyewe? Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890. Walutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Tangu hapo shule, zahanati, na hata mibuni ya kahawa iliyotusomesha wengi wetu, vyote vina alama ya mikono yao. Kwa miaka mingi hospitali teule ya wilaya yetu ya Rombo imekuwa Huruma, na Huruma ni ya Jimbo Katoliki la Moshi. Hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971 ilianzishwa na Shirika la Msamaria Mwema, na jina hilo limetoka katika Injili. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Huruma usiku wa mvua. Hakuna sista aliyemuuliza mkwe wangu kama mzee wa nyumba anausadiki Utatu. Waliuliza maumivu yameanza saa ngapi.

Mama yangu alipofariki, jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwake ilikuja kabla ya ndugu wa damu. Wanaume walichimba kaburi kati ya migomba, wanawake wakapika kwa siku tatu. Walijua mimi si mwenzao. Hata hivyo walinipa kiti, wakanipa chakula, wakaniuliza nataka kusema nini kaburini, nami nikasema. Mtu anayetaka kuiondoa dini katika maisha ya pamoja aniambie kwanza ni nani atachimba.

Wala sizungumzii hospitali na makaburi peke yake. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kwenda misa, alikwenda New York akawaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, watu wataliona halina maana kwao. Na ni kiongozi huyohuyo aliyetufundisha kwamba serikali yetu haina dini. Hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili, nami sioni. Jirani zetu wa Malawi walikaa karibu miaka 30 chini ya Dakta Banda, na waliothubutu kusema hadharani, kwa barua iliyosomwa makanisani Machi 1992, walikuwa maaskofu wa Kikatoliki. Baada ya barua ile woga ulianza kuvunjika, na miaka miwili baadaye Banda alishindwa katika uchaguzi. Kama maaskofu wale wangekubali kwamba dini ni jambo la chumbani, Wamalawi wangeendelea kunong'ona.

Kwetu nako, katika Pasaka ya mwaka 2018 maaskofu wa Kilutheri walitoa waraka ulioitwa "Taifa Letu, Amani Yetu", wakazungumzia haki za raia na haja ya katiba mpya. Baada ya majuma machache ofisi ya msajili wa jumuiya ikawaandikia barua kuwataka waukane waraka wao kwa siku 10. Kelele zilipokuwa nyingi, waziri mwenye dhamana aliikataa barua ile. Mimi, nisiyeamini, niliusoma waraka ule mara mbili. Sikuhitaji kuamini ufufuko ili nielewe walichosema kuhusu watu kutekwa na kupotea. Hilo ndilo ninaloliita ushahidi: neno limetoka katika imani yao, lakini limeletwa barazani likiwa wazi, kila mtu alitazame na kulipima.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ndugu msomaji, kumbuka mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi, Rais John Magufuli alisimama katika kanisa mjini Dodoma akasema kuwa korona ni shetani asiyeweza kuishi katika mwili wa Kristo. Mwezi wa Aprili zikatangazwa siku tatu za maombi ya taifa, tarehe 17 hadi 19. Mapema Mei serikali ikaacha kutangaza idadi ya wagonjwa na ya waliokufa. Mwezi wa Juni tukaambiwa kwamba Mungu amesikia maombi na ugonjwa umekwisha.

Nilikuwa hapa Holili siku zile. Upande wa Taveta watu walivaa barakoa, madereva wa malori walipimwa, na mpaka ukawa mgumu kuliko wakati wowote tangu ule uliofungwa mwaka 1977 hadi 1983. Upande wetu tulikuwa tumepona kwa tangazo. Tulizika, na tuliambiwa ni nimonia. Kuuliza kulionekana kuwa ni kukosa imani, na kukosa imani kukaonekana kuwa ni kukosa uzalendo. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu nini hutokea dola inapojivisha joho la kuhani. Waziri ukimwambia takwimu zake ni za uongo, atakujibu kwa takwimu nyingine. Mtawala aliyejifanya kuhani ukimwambia hivyo, atakujibu kwamba umemkosea Mungu. Hakuna tena mahali pa kusimama na kubisha.

Ni nani basi waliovunja ukimya? Hawakuwa wasioamini, na hili nalisema kwa wenzangu ili wasijisifu. Mwishoni mwa Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, akiwa rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aliwaandikia waamini kuwaonya kwamba kuna wimbi jipya la ugonjwa na kwamba wajikinge. Mapema Machi katibu wa baraza hilo, Padre Charles Kitima, alitoa hesabu hadharani: katika muda wa miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Serikali ilikuwa imeshika kazi ya kuomba, na mapadre wakashika kazi ya kuhesabu. Kila mmoja alikuwa amechukua kazi ya mwenzake, lakini ni hao wa pili waliotuokoa na uongo.

Hebu tazama vizuri tofauti ya mambo haya mawili, maana hoja yangu yote imo humo. Tangazo la maombi halikuhitaji ushahidi wowote; ukilikubali umelikubali, ukilikataa wewe ni adui. Hesabu ya Padre Kitima ilikuwa kitu ambacho Mwislamu, Mlutheri, mtu wa matambiko na mimi tungeweza kukipima kwa akili zetu wenyewe. Makaburi yapo, majina yapo, nendeni mkahesabu. Hakuacha ukuhani wake ili aseme vile. Naamini alisema kwa sababu ya ukuhani wake, kwa kuwa waliokufa walikuwa wenzake katika nadhiri. Lakini alichokileta barazani kilikuwa ukweli wa watu wote.

Na ukweli una gharama. Usiku wa tarehe 30 Aprili 2025 Padre Kitima huyohuyo alishambuliwa na kuumizwa kichwani, pale pale makao makuu ya baraza hilo, Kurasini, Dar es Salaam. Mtu ambaye kazi yake ni kupamba sherehe za wakubwa hapigwi kichwani.

Maana hiyo ndiyo sura ya pili ya dini barazani, ile ninayoiita pambo. Sote tunaijua. Shughuli ya serikali ikianza, anaitwa sheikh aombe, anaitwa padre aombe, anaitwa mchungaji aombe, kisha mgeni rasmi anasema "Amina" kwa sauti kubwa na kuanza kusoma hotuba iliyoandikwa na mtu mwingine. Viongozi wa dini wamewekwa viti vya mbele, na anayekaa kiti cha mbele kwa hisani ya mwenye shughuli si rahisi kusimama na kusema kwamba maji ya mradi uliozinduliwa hayatoki. Mwezi wa Ramadhani huja futari za wakubwa zenye kamera kuliko tende. Ukija wakati wa kujenga kanisa, mwanasiasa huja na bahasha, na bahasha hiyo husomwa jina na kiasi mbele ya altare, kana kwamba mjane aliyetoa senti mbili hakupata kuandikwa katika kitabu chochote.

Sitaki kusemwa kwamba natoa lawama bila kuonyesha njia. Novemba 2024, baada ya maaskofu wa Kenya kuisema serikali yao, Rais William Ruto alikwenda katika parokia moja ya Nairobi akatoa mchango wa fedha. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliamuru fedha zile zirudishwe. Nilipoisoma habari ile nilimpigia makofi peke yangu barazani kwangu, mke wangu akatoka kuangalia kama nimepatwa na nini. Nikamwambia, "Mama, leo nimekubaliana na askofu." Akasema, "Basi twende kanisani." Nikamwambia tusikimbilie huko.

Sura ya tatu ni dini kama fimbo, na humu nina uchungu zaidi. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ya upako. Jina la mhubiri silitaji, maana shabaha yangu si mtu mmoja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu ambao wengi wao walifunga hadi kufa wakitarajia kumwona Yesu. Kila yanapotokea mambo ya namna hii wakubwa husema kwamba imani ni siri ya mtu na serikali haiwezi kuingilia. Nami nauliza: mafuta ni ya imani, sawa, lakini mlango wa uwanja ni wa nani? Nani alipaswa kuhesabu watu waliomo, kupima upana wa njia ya kutokea, kuhakikisha gari la wagonjwa lipo? Mechi ya mpira ikichezwa uwanja huohuo, polisi huja na mbwa. Kwa nini watu wanaotafuta uponyaji wastahili ulinzi mdogo kuliko watu wanaotafuta bao?

Walioangamia kule Majengo hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, watu wenye madeni, watu wasio na kazi. Mtu mwenye dawa na mshahara hakimbilii mafuta ya sakafuni. Kwa hiyo nataka viongozi wa dini zilizotulia wasikae kimya kwa kisingizio cha kutomsema mwenzao, na wala wasijifariji kwamba wao si wa namna ile. Dini isiyokemea dini nyingine inapoua itawezaje kukemea dola?

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia kwa miaka mingi vilabuni na barazani.

Jibu la kwanza ni kwamba bila dini hakuna maadili, na hivyo mtu kama mimi hana haki ya kuwafundisha watu adabu. Kwa hilo nitasema nilichokiona kazini. Katika miaka yangu ya forodha sikumbuki gari la magendo lisilokuwa na aya iliyobandikwa kiooni. Kama imani peke yake ingezuia rushwa, mpaka wa Holili ungekuwa mtakatifu kuliko Yerusalemu. Tena Wachagga walijua kuapa, kusameheana na kuona haya kabla ya mmisionari wa kwanza hajapanda mlima huu. Mtu aliyekosa alipeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa jani hilo hakuruhusiwa kulikataa kwa kiburi. Waliofanya hivyo walimwamini Ruwa wao, najua. Lakini mpaka leo jani hilo hupokelewa na Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu na mimi, wala hakuna anayeuliza kwanza limetoka katika dini gani. Wema unaweza kuzaliwa katika imani ya mtu mmoja na ukaeleweka kwa wote.

Jibu la pili ni zito zaidi. Muumini mwaminifu huniambia: "Mzee, unataka tumwache Mungu mlangoni. Unatutaka tuzungumze kama wewe. Basi utakuwa umeshinda bila kushindana." La, sivyo. Nitaeleza kwa lugha ya kazi yangu. Tangu kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilipofunguliwa rasmi mwaka 2016, maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Hakuna anayelazimishwa kuacha uraia wake ili aingie mle. Mzigo nao unaweza kutoka popote, Rombo, Mombasa au Uchina. Kinachotakiwa ni mmoja: ufunguliwe, uonekane una nini ndani. Mtu akisimama mbele ya halmashauri akasema gongo ipigwe vita kwa sababu Mungu ameiharamisha, mzigo wake bado umefungwa. Akisema kwamba wanaume wa kijiji wanalewa kuanzia saa tatu asubuhi, wake zao wanapigwa, na watoto wanakwenda shule na njaa, ameufungua. Aendelee pia kumtaja Mungu kama anapenda, sitaziba masikio. Ila na mimi nina haki ya kuona kilichomo.

Askofu Fredrick Shoo alipokuwa akiongoza Walutheri wa huku Kaskazini aliitwa Askofu wa Miti kwa jinsi alivyohimiza watu kupanda miti katika mlima huu. Yeye anaamini kwamba mlima ni kazi ya mikono ya Muumba. Mimi naamini kwamba mto ukikauka, kijiji kitahama. Tumepanda mti uleule.

Najua pia kwamba nikiwakaribisha barazani, watasema mengi nisiyoyapenda. Watapinga kondomu, watapinga uzazi wa mpango, watasema juu ya mabinti maneno yatakayonikera. Waseme. Nitawajibu papo hapo, mbele ya watu. Hiyo ndiyo bei ya baraza, nami niko tayari kuilipa. Nisichoweza kukubali ni mtu kusema na kisha kunikataza nisijibu.

Basi nina maombi manne, ingawa mimi si mtu wa kuomba.

Kwanza, serikali iache kuomba kwa niaba yangu. Wimbo wa taifa unaitwa "Mungu Ibariki Afrika", nami husimama ukiimbwa, kwa kuwa ni wimbo wa ndugu zangu na sina sababu ya kuwavunjia heshima. Lakini janga likija, kazi ya serikali ni kupima, kuhesabu, kutibu na kusema kweli. Kuomba waachiwe wenye kazi hiyo. Watu hawa hawajapata kuchelewa.

Pili, fedha za umma zifuatwe na hesabu za umma. Mwaka 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu, na tangu wakati huo Waislamu wengi wamelalamika kwamba yanapendelea upande mmoja. Mimi sina kinyongo na hospitali iliyompokea mjukuu wangu. Lakini malalamiko ya Waislamu hayajibiwi kwa kuwaambia wanyamaze. Yanajibiwa kwa kubandika hesabu ukutani: kiasi gani kimetolewa, kimemtibu nani, na mlango huohuo uko wazi kwa nani mwingine.

Tatu, kila dini imsemee asiye wake. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi hadi mashtaka yao yalipofutwa Juni 2021. Sijui walikuwa na hatia au hawakuwa nayo, na hilo ndilo tatizo, kwa kuwa mahakama haikufika mwisho wa kesi yao. Natamani siku ambayo sauti kubwa kuliko zote ya kudai sheikh ahukumiwe au aachiwe itatoka kwa askofu, na padre akipigwa, sauti hiyo itoke msikitini. Siku ambayo wote wawili watamtetea asiyeamini aliyenyimwa haki yake, nitajua kwamba dini imepevuka katika nchi hii.

Nne ni jambo dogo lenye uchungu mkubwa. Maiti isifanywe fimbo. Nimeona mahali pamoja, sitapataja, familia ikinyimwa ibada ya mazishi kwa sababu marehemu hakuhudhuria jumuiya na hakulipa michango. Wazee walisimama pembeni ya jeneza na daftari wakikokotoa deni la mtu asiyeweza tena kulipa, na mjane wake anasikia. Kanisa lina haki ya kusema ni nani mwanachama wake. Lakini kama lina la kumwambia mtu, limwambie angali hai. Mimi sitahitaji ibada siku yangu ikifika, na nimekwisha kuwaandikia watoto hivyo. Nitahitaji majembe. Mke wangu atahitaji watu wa kukaa naye siku tatu, wapike, wanyamaze naye, na kama wakitaka kumwombea, wamwombee yeye, maana yeye anaamini na itamfariji.

Wakristo na Waislamu wa Holili, hayo ndiyo matumaini yangu kwenu, na naona si makubwa. Endeleeni kupiga kengele na kuadhini. Mkiona mtoto hana shule, semeni. Mkiona hesabu zimefichwa, zihesabuni. Mkipewa bahasha, ulizeni imetoka wapi na inataka nini. Na siku mtakaposimama kusema kweli mbele ya mwenye nguvu, msitazame nyuma kuona kama niko, maana nitakuwa nimesimama pembeni yenu, bila rozari na bila tasbihi, nikiwa na miguu yangu miwili tu.